Nimefuta Vibao vya Mama Atieno

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Kisumu kuna joto la kunata tangu asubuhi, wadudu wa ziwa wamejaa kwenye taa na kwenye chai yangu, na mimi nina hasira tangu jana. Nimefunga mlango wa duka ili niandike bila mtu kuniuliza kama nauza chaja.

Nianze na dharau, maana ndiyo niliyo nayo kwa wingi.

Nawadharau mafundi wa mji huu. Mimi mwenyewe ni fundi wa kompyuta, huu ni mwaka wa kumi na tatu, nina kichumba ghorofa ya kwanza kwenye jengo moja nyuma ya soko, kwa hiyo ninayemsema namjua. Mpelekee fundi wa hapa kompyuta inayoandika kwenye skrini kwamba memori imeisha. Atachomoa RAM, ataisugua kwa raba ya shule, ataipuliza kwa mdomo, atairudisha. Ikikataa, atakuuzia RAM nyingine. Ikikataa tena, atapiga Windows mpya, afute kila kitu ulichowahi kuhifadhi, halafu akwambie kwa uso mkavu kwamba ilikuwa virusi.

Nawadharau pia wajuaji wa mtandaoni. Mtu anauliza kwa adabu kwa nini gemu lake la zamani linajifunga kwenye mashine yake ya zamani, na watu ishirini wanamjibu anunue mashine mpya. Asanteni sana. Mgonjwa anaumwa jino, mnamshauri anunue kichwa.

Na nawadharau watu wazima wanaocheza gemu. Dharau hii ya tatu ndiyo imeniponza.

Jumatatu asubuhi alikuja Mama Atieno. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mstaafu, maisha yake yote alikuwa akichora ramani kwenye ofisi ya upimaji ardhi. Hainami akiongea. Nyuma yake mtu wa mkokoteni alikuwa amebeba kompyuta ya mezani ya zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha sebuleni, na mama huyo akamwamuru aiweke chini polepole, polepole, polepole.

“Fundi, hii kitu inakufa,” akasema. “Nikifungua ramani tu, inakaa dakika moja, inasema memory haitoshi, inajifunga. Yule wa huko chini ameniwekea RAM mbili na bado.”

Nikauliza ramani gani. Kumbe ni gemu la mkakati, moja ya yale ya kujenga miji, kulima ngano, kuandaa jeshi na kumvamia jirani. Anacheza na mtu aliye Port Victoria. Wanapokezana zamu. Mama anacheza yake, anahifadhi faili kwenye flashi, anaituma na gari la asubuhi. Huyo mtu akimaliza yake anairudisha flashi ndani ya mfuko wa omena, dagaa wa ziwani. Nilipoichomeka kwenye mashine, vidole vyangu vilinuka omena mpaka saa sita.

Sikuuliza mtu huyo ni nani. Niliona nimeshasikia ya kutosha.

“Nataka ifunguke kabla ya Saturday, nyathina,” akasema. Nyathina ni mwanangu, na mama huyu humwita hivyo kila mtu, hata mtu wa mkokoteni. “Kuna kitu lazima nisome.” Faili ikanakiliwa kwenye mashine, akachomoa flashi yake akaitia kwenye mkoba isije ikapotea. Nikamwahidi. Alipofika ngazini nilicheka.

Sasa ukweli kuhusu ugonjwa wenyewe, ambao fundi wa huko chini asingeujua hata akifundishwa kwa kiboko. Gemu la enzi ile haliruhusiwi kutumia zaidi ya gigabaiti mbili za memori, hata mashine ikiwa na thelathini na mbili. Ni kama mtoto uliyemwekea sufuria ya harusi mbele yake, bado atakula ujazo wa tumbo lake. Kumwongezea Mama Atieno RAM ilikuwa kumwongezea mtoto sufuria. Dawa ni kuligusa gemu lenyewe, kubadilisha alama moja ndogo ndani ya programu ili liruhusiwe kula gigabaiti nne. Nikafanya hivyo. Nikapunguza ubora wa picha, nikazima muziki, nikapanua ile nafasi ya akiba kwenye diski. Dakika moja ikawa dakika nne. Kisha likafa tena.

Jumanne nikagundua sababu, na nilijiona bingwa.

Gemu hilo linamruhusu mchezaji kuchomeka kibao kidogo popote kwenye ramani na kuandika maneno juu yake. Watu wenye akili huandika “dhahabu hapa” au “adui”. Ramani ya Mama Atieno ilikuwa na vibao zaidi ya mia sita. Milimani, jangwani, katikati ya bahari. Na walioliunda gemu, ambao nao nawadharau, walilifanya lichore kila kibao upya kila unapopita karibu nacho na lisiachie memori iliyotumika. Nikafungua vibao vitano sita. “Leo mvua kubwa.” “Omena imeadimika huku.” “Amenyoa nywele.”

Takataka, nikasema. Kwa sauti, peke yangu dukani.

Kulikuwa na kitufe cha kufuta vibao vyote kwa mpigo mmoja. Nikakibonyeza, nikahifadhi juu ya faili ile ile. Gemu likakaa saa moja, likakaa mbili, laini kabisa. Nikaagiza chapati kusherehekea.

Kila fundi mwenye akili huweka nakala kabla hajagusa kitu cha mtu. Hilo nimewahubiria wanafunzi wa Chuo cha Maseno wanaokuja kwangu kwa mazoezi, na nimewatukana wenzangu kwa kutolifuata. Mimi sikuweka nakala. Lilikuwa gemu tu.

Jana Mama Atieno akaja, akaketi, akashika mausi. Alizunguka ramani yote, kaskazini mpaka kusini, kama mtu anayetafuta nyumba yake mahali palipobomolewa.

“Yako wapi?”

“Nini, Mama?”

“Maandishi.”

“Nimefuta. Hayo ndiyo yalikuwa yanajaza memory.”

“Ai yawa,” akasema, kwa sauti ndogo sana. Nilijiandaa kufokewa. Kufokewa nakujua, nina majibu yake. Badala yake akavua miwani, akaishika mapajani, akaanza kunieleza mambo ambayo nadhani hakuwahi kumweleza mtu.

Anayecheza naye ni Wandera, mume wa binti yake Atieno. Ni Msamia, anasimamia mashine ya barafu ya wafanyabiashara wa samaki huko Port Victoria. Mimi ni Mkikuyu niliyezaliwa hapa hapa Kisumu, nimekula harusi za Wajaluo na kulala kwenye matanga yao, na najua mama mkwe na mkwe wake hawakai meza moja wakapiga soga. Wasamia nao wana heshima hiyo hiyo. Mwanamume hamfungulii mama mkwe moyo. Anasalimia kwa mbali, anajibu anachoulizwa, anakaa kiti cha karibu na mlango. Nimewahi kuicheka heshima hiyo, tena si mara moja.

Kompyuta ilikuwa zawadi ya Wandera kwa maro wake, yaani mama mkwe, alipostaafu. Gemu lilikuwa humo ndani. Mama akapenda ile ramani, Wandera akawa na ile ile kazini kwake, wakaanza kutumiana zamu. Kwenye vibao waliandikiana mambo ya vita tu. Kisha mwaka jana Atieno akamwacha mumewe akarudi kwa mama yake, na hataki kusema naye wala kusikia jina lake.

Kosa la Wandera ni kunyamaza. Atieno hajapata mtoto, na mama yake Wandera alimwita tasa mbele ya wageni, na Wandera alikuwa hapo hapo akanyamaza. Mtu wa kunyamaza siku zote. Atieno angevumilia hata ngumi, alimwambia mama yake, kuliko kile kimya.

Na mtu huyo wa kimya akaanza kuandika vibao.

Mama akamjibu. Alimwandikia binti amekula nini, amelala saa ngapi, amenyoa nywele. Wandera akaandika yake. Mama akaona aibu kumwambia Atieno, maana angemwambiaje kwamba mwaka mzima anapiga soga na mkwe wake katikati ya bahari ya bandia? Jumamosi hii wazee wa pande zote mbili wanakutana nyumbani kwake kuamua kama ndoa imekwisha. Akaamua aibu na iwe aibu, atamwonyesha Atieno ile ramani kabla wazee hawajafika. Wiki iliyopita flashi ikaja na zamu ya mwisho ya Wandera, na hiyo ndiyo hakuwahi kuisoma. Kila alipojaribu, mashine ilikufa kabla hajafika kwenye kibao kipya.

Nilijisikia vibaya. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba. Nilijisikia mtu mjinga na mtu mbaya kwa wakati mmoja, na sikujua niweke wapi mikono.

Kisha nikakumbuka flashi.

Ilikuwa bado kwenye mkoba wake, pamoja na miwani ya akiba na kitambulisho cha kanisa. Faili ya Wandera ilikuwa humo nzima, na vibao vyake vyote mia sita na kitu. Kwa hiyo inajaza memori na kujifunga vile vile. Dakika nne kwenye mashine ya mama. Dakika nne kasoro kwenye mashine yangu mwenyewe ninayojivunia, yenye RAM ya kumwaga, maana sufuria haimsaidii mtoto yule. Na safari hii niliiwekea nakala kabla ya kupumua.

Nilijaribu kuifungua faili kwa njia ya pembeni niyatoe maandishi peke yake. Nikapata herufi zilizovurugika, mchele uliomwagika. Nilijaribu kupiga picha kwa simu, lakini kibao hufunguka ukikigusa kwa mausi tu, kimoja kimoja, na picha kutoka kwenye ile skrini ya zamani zilitoka mistari mitupu. Ikabaki njia moja ya kijinga kuliko zote. Fungua gemu, subiri dakika tatu lifunguke, soma vibao kwa dakika nne, nakili kwa kalamu kwenye daftari, life, fungua tena.

Hivyo ndivyo nilivyoshinda jana mchana na leo tangu asubuhi. Mimi, niliyewahi kumfukuza mteja kwa kuniletea gemu la kandanda.

Sitayaweka hapa yote, si yangu. Ya mwanzo yanachekesha. Mama anaandika: “Jeshi lako limekanyaga ngano yangu. Hata salamu hakuna?” Wandera anajibu: “Samahani Mama. Naliondoa.” Anaandika hivyo kama mtu aliyesimama na kofia mkononi. Baadaye vibao vyake vinakuwa virefu. Anauliza kama Atieno bado anaumwa kichwa jua likiwa kali. Anasema ameacha chumba alivyokiacha, hajahamisha hata viatu. Kuna kimoja kimesimama jangwani peke yake, kinasema tu, “Leo sikula.” Nilikinakili, nikakaa, gemu likafa mbele yangu nikiwa bado nimekitazama.

Lakini nilimdharau pia, huyu Wandera. Nilikuwa nikinakili huku nikimtukana. Una mdomo, una simu, una gari la asubuhi kila siku, na wewe unamwandikia mama mkwe jangwani! Ningependa kumtikisa.

Leo saa nane mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele fupi, mkoba umebanwa kwapani. Sikuhitaji kuambiwa. Mama yake alishindwa kuvumilia, jana jioni akamwambia kila kitu.

“Wewe ndio fundi?”

“Ndiyo.”

“Mama anasema Wandera ameandika. Wandera hata SMS anaandikanga tu ‘sawa’.”

Nikampa daftari. Alisoma ukurasa mmoja, akafunua wa pili, akalifunga.

“Hii ni mkono yako.”

“Nimenakili kutoka kwa gemu.”

“Mtu yeyote anaweza kunakili. Mama anaweza kukuambia uandike. Nionyeshe yake.”

Alikuwa amesema kweli. Siku mbili za kalamu yangu zilikuwa hazina thamani yoyote. Nikafungua gemu, nikamweleza ana dakika nne, nikampisha kiti.

Alianza polepole. Alisoma vibao vitatu vya mwanzo, vile vya ngano na jeshi, akatoa kicheko kidogo cha puani. Likafa. “Fungua tena.” Nikafungua. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu alikuwa amejifunza ramani kuliko mimi, anaruka mji hadi mji. Mara ya nne alikuta kile cha viatu, akabaki hapo hapo mpaka likafa. Nilitaka kumwambia asipoteze dakika kwenye kimoja, nikajizuia, na si kawaida yangu kujizuia.

Mara ya tano akaenda moja kwa moja kaskazini kabisa, kwenye barafu, kona ambayo mimi sikuwa nimefika. Kulikuwa na kibao kimoja tu. Cha mwisho, kile ambacho hata mama yake hajakisoma. Nilikisoma juu ya bega lake, nakiri.

“Mama, siku ile mama yangu alimwita tasa nilikuwa mlangoni. Nilisikia yote. Nilivaa viatu nikaenda kazini. Mashine ya barafu ilikuwa nzima, haikuwa na kazi. Nilikaa tu kando yake mpaka jioni. Sikumtetea kwa sababu niliogopa mama yangu. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.”

Atieno hakulia. Alivuta pumzi kwa pua, akaniuliza bila kugeuka, “Mtu anaandika aje hapa?”

Nikamwonyesha. Kisha fundi ndani yangu akasema, kwa sababu huyo hanyamazi hata kwenye mazishi: kila kibao kipya kinaongeza uzito, faili itafunguka muda mfupi zaidi.

“Save iko wapi?”

Nikamwonyesha hiyo pia. Nikaongeza kwamba kuna simu, anaweza kumpigia sasa hivi, na kama hataki kuongea naye mimi nitapiga.

“Aliandika hapa,” akasema. “Atasomea hapa.”

Akachomeka kibao chake kwenye barafu, ubavuni mwa kile cha mumewe, akaandika kwa vidole viwili, akikosea na kurudia, na mimi nikihesabu sekunde moyoni kwa hofu ambayo sijawahi kuiona kwenye kazi hii.

“Kuja Saturday. Usikuje na wazee. Sema hii yote na mdomo yako.”

Akahifadhi. Gemu likafa mara tu alipoondoa mkono.

Niliikagua faili mara mbili, kibao kimo. Nimeiweka kwenye flashi. Atieno aliondoka bila kuaga, na mlango aliuacha wazi.

Mama Atieno amenipigia simu sasa hivi. Nilimuuliza mashine ya Wandera ni ya namna gani, akasema ni ya zamani kuliko yake, na kwamba kwenye zamu ya kabla ya hii ya mwisho Wandera alilalamika kwenye kibao kwamba kwake ramani inakaa dakika moja tu. Gemu likifunguka linakuonyesha mji wako mkuu, na mji mkuu wa Wandera uko kusini kabisa. Kutoka hapo hadi barafuni, kwa mashine nzito, ni zaidi ya dakika moja. Mama hawezi kumwambia mkwe wake kwa simu aangalie wapi na aangalie nini, anasema hayo ni ya wenyewe wawili. Atieno hatapiga. Kufuta kibao kingine hata kimoja ili kupunguza uzito sithubutu. Nikituma flashi na gari la asubuhi, Wandera atafungua, litakufa, atafungua, litakufa, na Jumamosi watakuja wazee.

Kwa hiyo kesho nafunga duka. Naenda Port Victoria na flashi mfukoni na ile dawa ya gigabaiti nne, kumtengenezea mashine mtu ambaye hajaniita. Nitamwambia ni ukaguzi wa kawaida. Simjui, na kwa niliyoyasoma simheshimu sana. Lakini nitasimama nyuma ya kiti chake, na likifa nitalifungua tena, mpaka afike barafuni.